Barua ya malalamiko: tunaomba muache kujaribu injini za ndege usiku wa manane

Kwa Uongozi wa Kampuni,
Ndege za kukodi na mizigo,
Mwanza.

YAH: KUWASHA NA KUJARIBU INJINI USIKU KANDO YA MAKAZI YETU

Ndugu meneja, poleni na kazi. Mimi ni mkazi wa mtaa unaopakana na uzio wa uwanja wa ndege wa Mwanza, upande ule ndege zenu zinapolala, na nimeamua kuandika hii barua wazi wazi kila mtu aisome maana zile tulizoleta kwa mkono ziligongwa muhuri wa kupokelewa na mpaka leo hatujaona jibu. Jina la kampuni silitaji, nyie wenyewe mnajijua na majirani zangu wote wanajua naongea na nani.

Kwanza kabisa naomba tuelewane kitu kimoja, hatugombani na ndege. Ndege zikitua zitue, zikiruka ziruke, ndo uwanja wenyewe huo. Watu wa Mwanza tumekula kwa ndege, miaka ile minofu ya sangara inaondoka na madege makubwa kwenda Ulaya huku mtaani wengi walikuwa na ndugu kiwandani au kwenye kupakia mizigo, ada za watoto zililipwa na hela hiyo. Mpaka leo kuna vijana wetu wanabeba mabegi humo ndani, kuna mama wanapika chakula mafundi wenu wanakuja kula, kuna bodaboda wanaishi kwa abiria. Ndege ikipita juu tunanyamaza kidogo, ikishapita tunaendelea na stori.

Kinachotutesa ni ndege iliyosimama.

Yaani iko hivi, ndege zenu zinarudi jioni, mafundi wanaanza kazi, wakimaliza inakuwa imeshafika saa tano saa sita usiku na wao wanataka kuhakikisha injini iko sawa kabla ya safari ya alfajiri, basi inawashwa pale pale, inapandishwa mpaka juu kabisa, inashushwa, inapandishwa tena, wanazima, wanafungua wanarekebisha, wanawasha tena. Ndege inayoruka inaondokaga na kelele yake, hii haiendi popote. Inakaa pale imeelekeza mkia kwetu mpaka bati zinatetemeka na vioo vya madirisha vinalia. Jirani yangu ameweka vipande vya kitenge katikati ya sahani kwenye kabati lake maana zilikuwa zinagongana usiku kucha, na ukiingia sebuleni kwake utaona picha zote ameshazishusha ukutani ameziegesha chini sakafuni. Ana mtoto mchanga, injini ikianza anamfunika masikio kwa viganja vyake anakaa hivyo hivyo mpaka wazime, hata mkono ukifa ganzi hautoi.

Alafu usiku sio sawa na mchana. Mchana jua likiwaka sauti inapanda juu inapotelea huko, ila usiku hewa ya huku chini inapoa mapema kuliko ya juu na sauti badala ya kupanda inajikunja inarudi chini, na ziwa likiwa limetulia halina upepo inafika mbali sana, watu walioko mialoni, kule mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, wanatuuliza jana kulikuwa na nini kwenu. Kwahiyo fundi anaposema mbona hata mchana tunawasha na hamlalamiki, jibu ndo hilo, injini ni ile ile lakini kinachotufikia kitandani ni kikubwa zaidi, na mtu kitandani hana redio wala soko wala magari ya kufunika ile kelele.

Na sio suala la kukosa raha tu. Kelele za usiku zinapandisha presha hata kama mtu hajaamka, mwili unashtuka wenyewe, hili madaktari wameshalisema sana na ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 ilitoa mwongozo kwamba kelele za ndege usiku zisizidi wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba. Huku kwetu tuna wazee wa presha, tuna wanafunzi wa darasa la saba na fomfoo wanaoamka saa kumi na moja kuwahi shule. Ujerumani mwaka 1992 walipofunga uwanja wa zamani wa Munich watafiti walikuwa wanawafuatilia watoto wa jirani, wakakuta baada ya kelele kuondoka kusoma na kukumbuka kwao kukaimarika, na wale wa jirani na uwanja mpya wao wakaanza kurudi nyuma. Mtoto ni yule yule awe wa Munich awe wa huku kwetu Ilemela.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, namna mnavyotumia serikali yetu ya mtaa. Mlipoona malalamiko yamekuwa mengi mlimtuma mtu wenu wa mahusiano, akaja na gari akaingia ofisi ya mtaa akaongea na mwenyekiti na mtendaji, wakasaini karatasi ya mahudhurio, akaondoka. Baadae tukasikia kwenye kikao cha wadau ikasomwa kuwa "wananchi wameshirikishwa". Wananchi gani? Mwenyekiti ni mtu wetu tulimchagua wenyewe Novemba 2024 na tunamheshimu, lakini yeye sio mkutano wa mtaa. Kama mnataka kuongea na wananchi kuna mkutano wa hadhara, unatangazwa kwa spika, watu wanakaa chini ya mwembe, kila mwenye neno anasimama anasema na mtendaji anaandika muhtasari. Huko hamjawahi kukanyaga hata siku moja. Mwenyekiti wa watu mmemuweka pabaya, akisimama mbele yetu tunamuuliza mliongea nini anabaki anatafuta maneno, maana hata yeye hakuahidiwa kitu chochote cha maandishi.

Madawati mliyoleta shuleni tunashukuru, watoto wanayakalia. Ila madawati hayawezi kuwa jibu la kelele, na mlipokuja kupiga picha za kukabidhi nilitegemea angalau mtu mmoja aulize hawa watoto wanalala saa ngapi.

Tukiuliza ngazi ya mtaa tunaambiwa suala liko juu ya uwezo wao, tukienda juu tunaambiwa ni la watu wa uwanja, watu wa uwanja wanasema kampuni ndo yenye ndege, tukija kwenu mlinzi wa getini anasema tupitie serikali ya mtaa. Kila ofisi ina kipande chake cha sheria na sikatai. Lakini ndugu meneja tuseme ukweli, anayepanga ratiba ya mafundi ni nani? Najua kabla ya kuwasha lazima muongee na mnara wa kuongozea ndege, ila anayeomba kuwasha ni nyie na saa ya kuomba mnachagua nyie. Hakuna sheria inayowalazimisha mjaribu injini saa sita usiku, mnajaribu saa hiyo kwa sababu mnataka ndege ifanye kazi mchana kutwa bila kupoteza hata safari moja. Hiyo faida ni yenu, usingizi unaokatwa kuilipia ni wetu, na hapo ndo nasema hili jambo mnaweza kulimaliza nyie wenyewe kesho asubuhi bila waziri wala kamati.

Kuna yule afisa wenu aliyemjibu kijana wetu kwamba mmejenga karibu na uwanja mlitegemea nini. Hilo neno limesambaa mtaa mzima na limeumiza watu. Huku kuna familia zina makaburi ya babu zao, kuna wengine wamenunua viwanja vilivyopimwa na vina hati, kodi ya jengo tunakatwa kwenye luku kila mwezi kama mtu wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, anavyokatwa. Na hata yule aliyekuja jana akapanga chumba kimoja ana haki ya kulala. Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015 haziulizi mtu alihamia lini. Isitoshe uwanja tuliukuta au ulitukuta, karakana yenu ya usiku imekuja mbele ya macho yetu, kabla yake hii shida haikuwepo.

Kingine ambacho labda mkiwa ofisini hamkioni, sisi tunaishi na hofu. Tarehe 23 Machi 2005 dege la mizigo aina ya Ilyushin Il-76 liliruka hapa hapa Mwanza limebeba minofu, halikufika mbali likaingia ziwani, watu 8 waliokuwemo wakafa wote. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar ikaingia ziwani pale Bukoba na watu 43, wakafariki 19, na waliowafikia wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kwahiyo injini ikianza kunguruma vibaya saa saba usiku, mara inapanda mara inakata ghafla, mtu wa huku hawezi kujua kama ni fundi anajaribu au kuna kitu kimetokea. Wengine wanatoka nje na tochi. Mungu aepushie mbali, ila siku likitokea la kutokea upande huu watakaofika kwanza ni sisi wa mtaani na wavuvi wetu, na mpaka ninavyoandika hapa hakuna mkazi hata mmoja mwenye namba ya simu ya mtu wenu wa zamu. Majirani wa namna gani hawana hata namba?

Wenzetu Frankfurt tangu 2011 ndege za ratiba hazitui wala haziruki kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na ule ni uwanja mkubwa kabisa, na bado unafanya kazi. Sisi hatujaomba hayo. Tumeomba injini ya ndege iliyosimama izimwe watu walale.

Tunachotaka kifanyike, na nimeongea na majirani kabla ya kuandika, ni majaribio ya injini yawe kuanzia saa kumi jioni mpaka saa moja usiku. Tumechagua muda huo kwa makusudi, asubuhi na mchana wavuvi wa dagaa ndo wanakuwa wamelala maana wao wanaingia ziwani na taa zao usiku kucha, na tukisema mchana tutakuwa tumehamisha mzigo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Jioni karibu kila mtu yuko macho. Ndege ikirudi imechelewa isubiri jioni ya pili, na kama hilo lina gharama basi iwekeni kwenye hesabu zenu. Pia msielekeze mkia kwenye nyumba, igeuzeni pua iangalie huku kwetu na mkia uangalie upande wa njia ya kurukia ambako hakuna mtu. Na kale kainjini ka mkiani kanakoachwaga kanawaka masaa ili ndege ipate umeme, tumieni mashine ya umeme ya kuvuta, zipo na tumeziona hapo hapo uwanjani.

Ikitokea dharura kweli, labda ndege ya kubeba mgonjwa lazima iondoke usiku ule, sisi ni binadamu tunaelewa, ila tumeni meseji kwenye grupu la wasap la mtaa kwamba leo saa fulani tutawasha kwa dakika kadhaa kwa sababu hii. Mtu akijua anavumilia. Namba ya mtu wa zamu ibandikwe ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, na awe mtu anayepokea simu.

Na tunataka kelele zipimwe usiku na mtaalamu wa mamlaka ya mazingira, sio mtu wenu, asimame kwenye madirisha ya nyumba zetu wakati injini iko juu kabisa, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa mbele ya watu. Kama tutakuwa tumetia chumvi itaonekana.

Mkutano ujao wa mtaa utatangazwa kama kawaida, mwaliko wenu mwenyekiti atauleta kwa maandishi na nakala tutabaki nayo. Naomba aje mtu mwenye uwezo wa kuamua ratiba ya karakana, meneja wa matengenezo au wewe mwenyewe. Mtu wa mahusiano peke yake asije, tutamrudisha kwa heshima.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 kupitia ofisi ya mtaa. Zikipita kimya, majina na saini za wakazi ambazo tumeshaanza kukusanya nyumba kwa nyumba zitapelekwa mamlaka ya mazingira na mamlaka ya usafiri wa anga kama malalamiko rasmi, pamoja na rekodi za sauti na tarehe zake, na barua hii itakuwa ukurasa wa kwanza.

Wenu,
Mkazi wa mtaa jirani na uwanja wa ndege, Mwanza.

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa
Mtendaji wa mtaa
Diwani wa kata