Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kuhusu McTaggart na ile kura

Mdogo wangu,

Umeandika tena kwamba McTaggart, yule mwanafalsafa wa Cambridge, alisema hakuna kinachotokea. Hakusema hivyo, na hilo tulishalimaliza. Alisema wakati si halisi. Makala yake ya 1908 katika jarida la falsafa la Mind ina hatua chache, ila ukiruka moja jengo lote linakuangukia. Kwanza, pasipo badiliko hakuna wakati. Pili, uhusiano wa "kabla" na "baada", anaouita mfululizo wa B, haubadiliki kamwe. Chukua kifo cha Malkia Anne wa Uingereza, mfano wake mwenyewe: kinachobadilika ni kwamba kilikuwa kijacho, kikawa cha sasa, kikapita, na kila siku kinazidi kuwa mbali. Huo ni mfululizo wa A. Hatua ya tatu ndipo unapoteleza: kila tukio lazima liwe lijalo, lililopo na lililopita, na sifa hizo zinakataana. Ukijibu, "Si kwa pamoja, lilikuwa lijalo, sasa lipo, litapita," umeutumia wakati kuutetea wakati. Swali linarudi kwenye jibu lako, na halikomi. Kinachosalia ni mfululizo wa C: mpangilio upo, wakati haupo.

Na bado sijaona anayemsoma kwa jicho kali kama lako. Ni wewe uliyenionyesha kwamba huyu asiyeamini Mungu aliamini nafsi hazifi, na kwamba kwake mwisho wa yote ni nafsi zinazojuana na kupendana.

Kisha unanitajia 1916. Haya. Mwanafalsafa Bertrand Russell alitozwa faini ya pauni 100 kwa kipeperushi cha kumtetea mtu aliyekataa vita, na Julai hiyo Baraza la Chuo cha Trinity, Cambridge, likamvua uhadhiri. McTaggart, aliyekuwa mwalimu wake, aliunga mkono uamuzi huo; ndiyo ile kura. Sijamsamehe. Juzuu ya pili ya kitabu chake, The Nature of Existence, ilitoka 1927, yeye amekwisha kufa. Kila nikifika kurasa za upendo naiona meza ya baraza.

Lakini usiitupe hoja kwa sababu ya kura. Hoja iko sahihi au ina kosa, basi. Tena mtu anaweza kukaa kikaoni, akaona wakubwa wamekubaliana, akadhani kunyamaza ndiyo heshima. Mimi siku ile sikukupinga, nilinyamaza tu. Kunyamaza si kura. Au wewe uliihesabu?

Juzuu yangu ya kwanza, ya 1921, bado iko kwako. Usimtume mtu kuirudisha.