Programu huria mmeziita za bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie neno moja tu. Katika habari yenu kuhusu FOSDEM, mkutano wa kila mwaka wa watengenezaji wa programu za kompyuta unaofanyika Brussels, Ubelgiji, mwandishi wenu ameuita "mkutano wa watengenezaji wa programu za bure", na kichwa cha habari kikalirudia neno hilo hilo. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea katika mkutano huo kila mwaka, na tangu niisome habari ile neno hilo halijanitoka kichwani.

Kiingilio ni bure, hapo mwandishi amepatia. Hakuna tiketi wala kujisajili. Zaidi ya watu 8,000 huingia katika majengo ya chuo kikuu cha Université libre de Bruxelles Jumamosi na Jumapili, na hakuna anayeulizwa jina. Lakini programu zinazozungumzwa mle ndani ni huria. Waingereza wana neno moja, "free", kwa maana zote mbili, ndiyo maana wanalazimika kufafanua kila mara. Sisi tumejaliwa mawili. Tunasema soko huria, na sijaona mtu akaenda kwenye soko huria akitegemea kugawiwa bidhaa.

Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, alichokuwa anapigania ni haki ya mtumiaji: aitumie programu kwa kazi aitakayo, aifungue aone ilivyoandikwa, ampe mwenzake, aibadilishe na kuigawa ikiwa imebadilishwa. Katika yote hayo bei haikutajwa. Mkutano wenyewe ulianza mwaka 2000 ukiitwa OSDEM. Ni Stallman aliyeomba neno la uhuru liingizwe kwenye jina, ndipo ikaja ile F ya mwanzo. Na wasomaji wenu wamefaidika na uhuru huo bila kujua: mwaka 2004 ilipotoka Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, watafsiri hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali. Leseni ilikwisha waruhusu.

Sasa nirudi kwenye hilo la bure, maana hata kiingilio kuna anayekibeba. Wapo wafadhili, ipo michango na fulana zinazouzwa, ila mikono yote ni ya watu wanaojitolea. Zamu yangu ni ya mlangoni. Viti vikijaa nabandika karatasi ya kutangaza kwamba chumba kimejaa, na kuanzia hapo haingii mtu mpaka atoke mtu, kwa sababu watu wakisimama kwenye njia na moto ukatokea, hawatoki. Ni kazi ya kusema "samahani" mchana kutwa. Nyuma yangu, ndani, mwenzangu amekaa kando ya kamera tangu asubuhi, kipokea sauti masikioni, akisikiliza kama maikrofoni ya msemaji inakwaruza kwenye kola ya shati. Yeye ndiye anayemwezesha mtu aliye mbali kutazama moja kwa moja, na aliyekosa kiti kuikuta rekodi baadaye.

Mwaka mmoja kijana alinijia juu. Alikuwa amesafiri usiku kucha kuja kusikiliza mada moja ya nusu saa, nami nikamzuia zikiwa zimebaki dakika tano ianze. Akaniuliza kwa ukali, "Wewe unalipwa na nani?" Nikamwambia silipwi na mtu, nami mada hiyo hiyo nilitaka kuisikia. Alinyamaza, akakaa sakafuni pale kwenye korido akaitazama kwenye simu. Jumapili jioni, watu wakikimbilia treni, nilimkuta anabandua mishale ya karatasi kutani, taratibu, kwa ukucha, asiondoke na rangi ya ukuta. Hatukusemeshana. Nilichukua upande wa pili wa ukuta tukaenda hivyo mpaka mwisho wa korido.

Mhariri, huenda ukaona nakuza jambo dogo. Hebu tazama yaliyotokea Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri umepenyezwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo matoleo mengi ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, yanaitegemea. Kwa miaka mingi xz ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyejitolea, asiyelipwa, ambaye alikwisha kusema waziwazi kwamba nguvu zimempungukia. Mvamizi alijifanya msaidizi kwa takribani miaka miwili mpaka akaaminiwa. Kampuni ngapi ziliitumia xz? Hazihesabiki. Waliiona ni ya bure, na cha bure watu hawaulizi nani anakilea.

Ndiyo sababu neno hili linaniuma. Kijana anayesoma gazeti lenu akiambiwa "bure" ataelewa kwamba hakuna anayedaiwa kitu. Akiambiwa "huria" anaweza kujua kwamba ana ruhusa ya kufungua, kurekebisha, kutafsiri, na kwamba upande wa pili yupo mtu anayengoja msaada wake. Naomba kuanzia sasa mziite programu huria. Na mwajiri yeyote anayesoma barua hii, ambaye ofisi yake inaendeshwa na Linux, awape wafanyakazi wake siku mbili tatu zenye mshahara wakajitolee katika mikutano ya namna hii, kwani wengi wetu tunatumia siku za likizo zetu.

Mkutano hufanyika wikendi ya mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Mwandishi wenu akija tena, namshauri asingoje Jumamosi. Aje Ijumaa, siku ya kuvuta nyaya na kubandika mishale, aone na kuandika. Akitaka kushika ncha moja ya waya tutamkaribisha, maana Ijumaa hatujawahi kutosha.

Wako,
Mjitoleaji wa mlangoni