Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Tanga: tuongezee muda kwa ajili ya neno "si"

Ndugu Afisa Elimu,

Naandika kutoka Ngamiani, kwa niaba ya sisi watatu tuliotunga lugha ya kompyuta ya kufundishia kwa Kiswahili. Tuliahidi kuikabidhi kwa shule Januari. Nakuomba utuvumilie hadi Julai, na sababu ni neno moja: "si".

Mwanafunzi wetu mmoja aliandika: kama si umri = 18, andika "hapana". Kila ajuaye Kiswahili anaelewa: umri ukiwa si 18. Kompyuta ilishika "si umri" kwanza, ikapata sifuri (kwake namba yoyote isiyo sifuri ni "kweli", na kinyume cha "kweli" ni sifuri), kisha ikauliza kama sifuri ni sawa na 18. Basi hata ungeweka umri gani, "hapana" isingetokea kamwe. Binti yule alihangaika alasiri nzima akidhani kakosea yeye. Tulikosea sisi, na jambo hilo limeniuma sana.

Yapo mengine hatutayagusa. Nukta mkato mwishoni mwa mstari inawaudhi watoto, lakini anayeisahau huambiwa na mashine papo hapo. "Si" haimwambii mtu kitu. Programu inakwenda, jibu la uongo linatoka.

Kwa nini tusigawe sasa, turekebishe baadaye? Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alitunga Make, programu ya kuundia programu nyingine, ambayo mistari yake ya amri lazima ianze kwa tabo, yaani nafasi ya kitufe cha Tab. Usumbufu ulipoonekana alikuwa na watumiaji kama 12 tu, wengi wao marafiki, hakutaka kuwavurugia kazi. Tabo ile ipo hadi leo. Lugha ya kompyuta ya Python nayo ilithubutu kubadilika Desemba 2008, ikalazimika kulitunza toleo la zamani hadi mwanzo wa 2020. Miaka 11 ya kulea matoleo mawili! Sisi watatu hatuiwezi.

Leo watumiaji wetu ni wanafunzi 14 na mwalimu mmoja. Nawapitia kwa baiskeli, wiki moja kazi zao zote zimenyooka. Ikishaingia madarasani, "si" mbovu itakuwa ubaoni, kwenye madaftari na kwenye mitihani ya muhula, na huko hatutaifikia tena.

Aprili tutakuletea toleo lililorekebishwa. Tuteulie walimu watano walijaribu mpaka waridhike, kabla shule hazijafunguliwa Julai.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwandishi wa programu, Ngamiani, Tanga