Ile picha bado unayo?

Mombasa, 9 Novemba 2025

Kwa shoga yangu Riziki,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, Mama hajambo ila magoti, Nasri hajambo na ameng'oka meno mawili ya mbele, hofu yetu ni juu yako huko Maskati. Salamu ndizo hizo, zilizobaki jisalimie mwenyewe, maana nikianza kuzunguka nitaingia woga nisilifikie ninalolitaka.

Najua ni mwaka na nusu hatusemezani. Najua na aliyenuna kwanza ni nani. Nilitaka kukutumia sauti kwa WhatsApp, nikarekodi mara tatu, nikafuta mara tatu. Nikijisikiliza naona ninalia au naona ninakuamrisha, na yote mawili huyapendi. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Barua anaileta Salma, ndege yake ni Jumanne. Nimemwapisha asiifungue, lakini Salma unamjua.

Haya. Uhamiaji wa Marekani wamemwandikia Swaleh. Lile ombi letu la mimi kumfuata mume wangu huko, I-130 wanaliita, alilipeleka Juni mwaka jana, dola 675 zikalipwa, tukakaa. Tumekaa hata nikasahau kuwa tunangoja kitu. Juzi hapa ikaja barua kwake Columbus: hawakukataa, hawakukubali, wanataka ushahidi zaidi kwamba ndoa yetu ni ndoa kweli. Wametupa siku 87. Si 90, si 80. Swaleh amezihesabu kwa kalenda ya ukutani, nami nimezihesabu kwa ya simu, tukakosana siku moja, tukagombana robo saa nzima juu ya siku hiyo. Nikamwambia, bwana wee, lau wangetusikia sasa hivi wangetuidhinishia papo hapo.

Sasa sikiliza wanachokitaka. Mkataba wa nyumba wenye majina mawili. Akaunti ya benki ya pamoja. Bima. Nitavitoa wapi mimi? Yeye kapanga chumba na Wasomali wawili, wote watatu wanafanya kazi ghala moja, zamu ya usiku. Mimi niko kwa Mama, chumba kilekile unachokijua, dirisha lilelile halifungi. Cha pamoja tulicho nacho ni deni la ukumbi.

Wanataka na picha za harusi. Hapo ndipo nilipocheka kisha nikanyamaza.

Hebu kumbuka ilivyokuwa. Msikitini wanaume watupu: Ami Bakari kama walii wangu kamshika Swaleh mkono, majoho, kahawa, halua, mvua inanyesha mpaka viatu mlangoni vinaelea. Picha arubaini na kitu. Mimi simo hata moja, ningekuwemo vipi? Nilikuwa kwa Bi Fatuma, juu ya kitanda, hina haijakauka, nakatazwa hata kujikuna pua. Kisha usiku wa kupamba, wanawake watupu, na Zuhura kasimama mlangoni na kile kikapu chake anakusanya simu kama askari wa forodha. Nilimsifu siku ile. Leo natamani angekuwa mzembe kidogo. Zilizopatikana ni zile Bi Fatuma alizoruhusu, mimi peke yangu nimekaa kama sanamu, na dhahabu ya kuazima.

Sasa mweke mtu wa kule na faili mbele yake. Anaona harusi mbili: moja ya mume asiye na mke, moja ya mke asiye na mume. Mimi ningekuwa yeye ningeuliza pia. Picha ya studio tuliilipia, siku yenyewe barabara zikajaa maji, tukasema tutaenda kesho, na kesho yake Mama akapandwa na presha, na Swaleh likizo yake ilikuwa siku kumi na sita. Selfi tunazo tatu. Moja ni ya kivuko cha Likoni, nimefumba macho.

Lakini iko moja. Wewe unaijua, kwa sababu wewe ndiye uliyeipiga. Swaleh alipoingia kunipa mkono, ameweka kiganja kwenye paji la uso anasoma dua, nami nalia mpaka wanja umefika kidevuni, na kwa pembeni kiwiko cha Bi Fatuma na bangili zake zote. Simu yako Zuhura hakuiona, uliificha kwenye kikapu cha asumini. Ulinionyesha usiku uleule, kwenye kioo chako kilichopasuka, ufa umepita katikati yetu kama mto. Nilikwambia uifute, nimetoka vibaya. Sijui kama uliifuta.

Nitarudi hapo. Acha kwanza nikuhadithie ya Mwalimu Kombo.

Wanapokea na mazungumzo ya simu, lakini karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza ni lazima iende na tafsiri, na mfasiri aandike na kutia saini kwamba anazijua lugha zote mbili na hakupunguza neno. Swaleh hawezi kuwa mfasiri wa mapenzi yake mwenyewe, basi nani? Nikampelekea Mwalimu Kombo. Riziki, nimemkabidhi mwalimu aliyenifundisha insha kurasa sitini za mimi na mume wangu. Nilizichuja, wallahi nilizichuja, lakini huwezi kuchuja yote, ushahidi ukiwa safi sana nao unatia shaka. Siku ya tatu akaniita. Nimekwenda nimejitanda mpaka machoni. Kumbe hakuwa na neno lolote juu ya yaliyomo. Alikuwa amezipigia mstari mwekundu! "Nakumic" amepiga mstari, "xaxa" amepiga mstari, na pale Swaleh alipoandika "nataka kulala na picha yako kifuani" amesahihisha mkato. Akaniambia, "Mwanaisha, nilikupa 78 kidato cha nne, hii siwezi kukupa hata 40." Kisha akaketi akatafsiri zote bila kuchukua shilingi, ila aliomba kilo ya kahawa.

Tatizo ni kwamba sisi wawili si watu wa kuandika. Ni watu wa sauti. Dakika nane, dakika kumi, yeye akitoka kazini nami nikisonga ugali. Hizo huzichapishi. Nina ya M-Pesa, kila mwezi, elfu ishirini, elfu kumi na nane, mwezi mmoja elfu tatu na ujumbe "samahani mke wangu". Hiyo ya elfu tatu nimeiweka juu kabisa. Na nina picha ya skrini ya siku aliyopasuliwa Mama: simu moja, ya urefu wa saa sita na dakika kumi na mbili. Hatukuwa tukizungumza, nusu ya muda alikuwa amelala, namsikia anakoroma nami nimekaa kwenye benchi la hospitali. Nani atawaambia kwamba dakika hizo zilikuwa za kukoroma?

Mengine nakutajia haraka tu. Talaka yangu ya kwanza ninayo, ya Kadhi, yenye muhuri, si kile kikaratasi cha daftari alichonitupia yule bwana. Ya Swaleh na yule Mmarekani wake nayo ipo, kaitoa mahakamani kwao. Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwana Aisha, kwenye pasipoti ni Mwanaisha, wakili kaniapisha kwamba wote wawili ni mimi. Nasri ana ombi lake peke yake na ada yake peke yake, kwao mtoto wa kambo haingii ndani ya faili la mama, ila wanamhesabu mtoto kwa kuwa harusi ilikuwa kabla hajatimiza miaka 18. Wakikubali, mambo yanakwenda kituo chao cha viza, huko tena dola 325 na dola 120, na Swaleh aonyeshe mshahara wa kututosha, kisha mimi nipande treni Nairobi nikapimwe afya na kuhojiwa ubalozini kwao Gigiri. Hatujafika huko. Mimi kwa kiherehere changu nimeshakwenda kituo cha serikali cha Huduma kuchukuliwa alama za vidole za cheti cha tabia njema, vidole vyeusi siku mbili, Swaleh akaniuliza nani aliyenituma.

Na fomu ya anwani! Nyumba zote ulizokaa miaka mitano, nambari ya nyumba na jina la barabara. Nimeandika nini mimi? "Nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, uliza kwa Mama Mwanaisha." Swaleh akaandika upya.

Sasa narudi.

Usiku ule jikoni kwa Bi Fatuma, unamenya thaumu, huku wengine wanapiga vigelegele, uliniambia bila kuinua uso: "Mwanaisha, wewe unaolewa na karatasi." Nikakujibu niliyokujibu, siyarudii. Wewe ukanawa mikono, ukamaliza shughuli ya watu mpaka alfajiri kwa heshima zote, ukapiga na picha, ukaenda zako. Mwezi wa pili nikasikia uko Maskati. Sikukuaga. Hukuniaga.

Nimelifikiria lile neno kuliko hata hao watu wa uhamiaji. Mwanzo nilisema ni wivu. Sasa nasema hukukosea kuuliza. Mwaka ule nilikuwa na talaka mkononi, mtoto wa miaka mitano, kibanda cha viazi karai kinachonipa mia tatu kwa siku. Akaja mtu ananizidi miaka kumi na minne, ana pasipoti ya buluu ya Marekani. Lau Swaleh angekuwa fundi wa Kongowea, ningemtazama mara mbili? Nimejiuliza usiku, taa zimezimwa. Mara nasema ningemtazama. Mara nasema… basi. Ninachokijua ni kwamba mtu niliyemtazama siku ile siye huyu ninayemgojea leo, na huyu wa leo simu yake ikichelewa siwezi kula. Hilo silijui niliweke kwenye fomu gani.

Ombi langu ni hili. Wanapokea barua za watu walioishuhudia ndoa. Nataka yako. Ya Ami Bakari ninayo, ya imamu ninayo, lakini wote hao walimwona Swaleh bila mimi. Wewe peke yako ulituona chumba kimoja, na ulimi wako ukafunguka bila hofu ya kuniudhi.

Na sitaki uongo, Riziki. Karatasi yao imeandika waziwazi: anayefunga ndoa ili kuikwepa sheria yao ya uhamiaji, jela hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000. Sikuingizi huko. Usiandike kwamba tunapendana, hukuliona hilo wala sikukuambia. Andika ulichokiona. Uliona mtu ameloa mvua anabisha hodi na kusahau maneno ya hodi. Uliniona mimi. Ukitaka andika hata kwamba ulikuwa na shaka, na kama bado unayo, basi usiiandike hiyo barua, nitaelewa, na hii yangu uichane Salma asiipate.

Ukiiandika, weka jina lako kamili, unapokaa, tarehe na mahali ulipozaliwa, unatujua vipi, na kila unalolisema umelijuaje. Tia saini na tarehe. Andika kwa Kiswahili, Mwalimu Kombo ataitafsiri (na ataisahihisha, jiandae). Mpe Salma, anarudi tarehe 28. Majibu yanakwenda yote kwa mkupuo mmoja, hawapokei kwa mafungu, na mimi zimenibakia siku 71. Swaleh anasema 70.

Cha kuchekesha, tukichelewa kuna na faida. Nikiingia kule ndoa haijatimiza miaka 2 napewa kadi ya miaka 2 na kuthibitisha tena upya, mimi na yeye, ushahidi uleule. Ikishatimiza, kadi ya miaka 10. Aprili tunatimiza. Nimekaa miezi yote hii nikiwaombea wafanye haraka, sasa sijui niombe nini.

Na wewe je? Yule mama unayemfanyia kazi amekurudishia Ijumaa zako? Mguu umepona, au ndiyo bado unasimama juu yake siku nzima? Ni kweli aliyosema Zuhura kwamba kuna mtu wa Unguja anakuja kukuulizia, na kama ni kweli mbona nalisikia kwa Zuhura? Unarudi Ramadhani? Nasri anauliza kwa nini shangazi Riziki hapigi simu, nimjibu nini? Ulikuwa umenikasirikia kiasi gani, na sasa ni kiasi gani? Na ile simu ya kioo kilichopasuka uliiuza, uliitupa, au imo sandukuni?

Ukinitumia hiyo picha usiikate pembeni. Kiwiko cha Bi Fatuma nakitaka.

Wako,
Mwanaisha

Nimesahau: sufuria yako kubwa ya pilau iko kwangu tangu siku ile. Mama anaitumia, hataki nikwambie.