Kwa wanangu mnaoanzisha kikundi cha maigizo

Wanangu,

Nimesikia kikundi kimeshapata mhuri. Mwenyekiti yupo, makamu wawili, katibu mwenezi, na mlezi ambaye hajawahi kukanyaga mazoezini. Nikauliza, mchezo je? Mkatazamana.

Nimechoka kuzika vikundi. Kimoja nimekiona juzi kikivunjika kabla ya onyesho la pili, kwa ugomvi wa nani aketi na mgeni rasmi! Binti aliyepiga pasi mavazi, akapanga vifaa vya jukwaani na kuwanong'oneza waliosahau maneno hakuwa na cheo chochote. Alipoondoka, upanga haukuonekana, taa ziliwaka pale mfalme alipotakiwa kufa gizani, na mwenyekiti, na suti yake, hakujua hata sanduku la mavazi liko wapi.

Kwa hiyo anzeni na mchezo mfupi wa wahusika wanne. Mpateni mwongozaji na meneja wa jukwaa, yaani mtu wa kazi zile za yule binti, basi. Vyeo vingine vingojee kazi. Na huyo meneja mheshimuni. Onyesho likishaanza yeye ndiye mwenye amri, mwongozaji mwenyewe huwa amekwenda kuketi na watazamaji.

Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru nchini Kenya, mwaka 1977 walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao. Wakulima na vibarua wakaigiza, majirani wakaja mazoezini kuwakosoa. Serikali ikawanyang'anya kibali, na mwaka 1982 ikabomoa jukwaa lenyewe. Kilichowatisha wakubwa ni mchezo. Mhuri ungemtisha nani?

Mengine nayataja tu. Ombeni ruhusa ya mwandishi kabla ya kuigiza kazi yake. Fedha za kiingilio zihesabiwe usiku uleule, mbele ya wote. Mazoezi ya saa kumi yaanze saa kumi. Atakayefagia ukumbi ajulikane mapema.

Sisi wazee nasi tuna lawama. Tunawaita vijana watuchekeshe kwenye sherehe zetu, tunawalipa makofi, kisha tunawauliza lini watatafuta kazi ya maana. Viongozi nao huwakumbuka akija mgeni wa kupokelewa uwanjani. Msiwangoje hao, wanangu. Wakija na hundi, someni kwanza masharti yake.

Mkiandika mchezo nileteeni nakala niusome, nitausahihisha bila kuwaonea haya. Ila chapeni kwa herufi kubwa, macho yangu si yale.

Mzee wenu