Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuchora mandhari,

Nawashukuru mliofika. Mwaka jana mkutano kama huu uliahirishwa kwa kukosa akidi, kwa hiyo leo tumepiga hatua.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Jumamosi za kuchora ziliendelea Coco Beach, Kunduchi, Feri kwenye soko la samaki na msitu wa Pugu. Feri tuliulizwa kibali, tukajieleza, tukaachiwa. Stendi mbili za kuchorea zimevunjika, moja imeshatengenezwa. Maonyesho ya Desemba yalifanyika.

Sasa niingie kwenye jambo lililosemwa sana, hasa na ambao hawakuwepo: kuhamishia warsha ya mwaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, badala ya Bagamoyo.

Bagamoyo tumekwenda miaka nenda miaka rudi, na tunarudi na picha ileile: jahazi, mnazi, mstari wa bahari, basi. Kuna mwenzetu ana majahazi ukutani ya kutosha kufungua bandari. Siidharau Bagamoyo, magofu ya Kaole yana vivuli vizuri sana asubuhi. Ila somo linalotushinda wengi wetu ni kuonyesha umbali kwenye picha, na pwani ni tambarare, haikulazimishi kulisoma.

Pale Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, unasimama ukingoni mwa jabali. Chini kabisa ni Mazinde na mashamba ya mkonge, barabara kuu imekuwa nyembamba kama uzi, halafu nyika inaendelea hadi inapotelea machoni. Hapo hakuna haja ya mhadhara. Miti ya karibu ni kijani kizito, ya kati imepauka, ya mbali si kijani tena, ni samawati yenye kijivu. Mkufunzi alitukatia vipande vya boksi la sabuni, kila kimoja kina dirisha katikati, akatuambia tuchungulie humo, tufinye macho, kisha tuchore kwa penseli vijipicha vya ukubwa wa kiberiti kwa viwango vitatu tu vya weusi: hafifu, wa kati, mzito. Kabla ya hapo hakuna kugusa rangi. Waliozoea kukamua kijani moja kwa moja kutoka kwenye tyubu walinung'unika, lakini kesho yake walikuwa wanachanganya bluu na njano wenyewe, na nukta ya nyekundu ili kijani kisichome macho.

Mmelalamikia ukungu. Ni kweli, Julai kule ni baridi, na rangi za maji ziligoma kukauka. Mama mmoja alikausha karatasi yake kwenye jiko la muuza mahindi mpaka ikajikunja pembe. Lakini huku kwetu je? Coco Beach rangi ya akriliki inakaukia kwenye sahani kabla brashi haijafika kwenye turubai, na ikifika saa sita jua liko utosini, vivuli vimekwisha. Irente ukungu ulipofunguka ndipo watu walipofanya kazi, na zile picha mlizozipigia makofi Desemba nyingi ni za asubuhi hiyo. Sijisifu, lakini wazo lilikuwa langu, kamati ikaliafiki.

Mmelalamikia gharama. Safari nzima, pamoja na zile kilomita 33 za kona kutoka Mombo, malazi na posho ya mkufunzi, ilikula shilingi 4,860,000. Michango ya washiriki ilikuwa 3,100,000, mfuko wa chama ukatoa 1,760,000. Tuko wanachama 43, ada ni 60,000 kwa mwaka, waliolipa ni 16. Wasiolipa wanadaiwa jumla ya 1,620,000, yaani karibu pengo lote. Cha kushangaza, wanaouliza fedha zimekwenda wapi wengi wao wako kwenye orodha hiyo. Sitawataja. Mweka hazina anayo.

Imesemwa pia kwamba nilichagua Lushoto kwa sababu ni kwetu, na kwamba nyumba ya wageni tuliyofikia ni ya shemeji yangu. Kwetu ni Mlalo, si Lushoto mjini, na wenye kuijua Usambara wanaelewa tofauti. Shemeji alitupunguzia bei, chai ya asubuhi ilikuwa bure, na stakabadhi zipo.

Mwingine alisema kwenye kundi kwamba Edward Saidi Tingatinga hakupanda mlima wowote ili achore wanyama wake. Sawa. Marehemu alianza mwaka 1968 hapahapa Dar es Salaam, kwa rangi za kung'aa juu ya hardibodi, akichora kutoka kichwani, na dunia inamjua. Ila ibara ya tatu ya katiba yetu inasema tutachora mandhari tukiwa mbele ya mandhari yenyewe. Anayetaka kuibadili alete hoja kwa maandishi, si ujumbe wa sauti wa dakika nne usiku wa manane.

Mahudhurio yananisikitisha. Jumamosi moja Kunduchi tulikuwa watatu, mmoja wetu dereva. Siku ya maonyesho, penye vitafunio na mpiga picha, ukumbi haukutosha.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata chumba cha kudumu, mfadhili, na pengine kuwaanzishia watoto darasa. Kuhusu warsha, wapo waliotaja Uluguru, wapo waliotaja Bagamoyo tena. Kamati italitazama.

Mwisho, wenye stendi za chama majumbani mwao wazirudishe kwa katibu kabla ya mwezi kuisha, pamoja na ule mwavuli mkubwa wa bluu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti