Nembo ya tiba ya familia isiwe picha ya familia yenye furaha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna sisi wasanifu wa michoro tunavyozitengenezea nembo, rangi na maandishi huduma za tiba ya familia, yaani ushauri nasaha ambao mshauri huwapa wanafamilia kuhusu mahusiano yao.

Karibu kila rasimu huanza na baba, mama na watoto wawili walioshikana mikono chini ya mti au moyo. Mchoro huo unapendeza, ila wengi wanaoutazama wanatoka katika nyumba ambamo watu hawasemezani, au ambamo bibi ndiye anayelea wajukuu, na hao wanaelewa mara moja kwamba hawakufikiriwa. Isitoshe, kina Murray Bowen, Virginia Satir na Salvador Minuchin, waliokuwa miongoni mwa waasisi wa tiba hii katika karne ya 20, walishikilia kwamba tatizo limo katika mahusiano ya wanafamilia wote, si ndani ya mmoja wao. Nembo inayomweka mtoto katikati huku wazazi wamemwinamia inamtangaza yeye kuwa ndiye mgonjwa kabla mshauri hajasema neno.

Wapo wanaokimbilia maumbo sahili, nami nawaunga mkono, mradi wajue kwamba washauri wenyewe wana lugha yao ya maumbo. Katika jenogramu, yaani mchoro wa ukoo wanaouchora pamoja na wateja, mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa msumeno ni ugomvi, na mistari mitatu sambamba ni ukaribu uliopita kiasi. Msanifu akiunganisha mraba na duara kwa mistari mitatu akidhani anachora upendo, mshauri atasoma tatizo.

Lililo zito zaidi ni siri. Bahasha, risiti na ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi huonwa na watu ambao huenda hawajaambiwa lolote, na jina lenye maneno “migogoro ya ndoa” likitokea kwenye simu iliyo mezani limekwisha kutangaza habari za mwenyewe. Kwa hiyo huduma inahitaji jina kamili la kibao cha mlangoni na tovuti, na jina fupi lisilofichua kitu kwa mawasiliano ya binafsi, na yote mawili yapangwe tangu siku ya kwanza.

Kuhusu rangi nitasema machache. Rangi zilizopauka, zinazopendwa eti kwa sababu zinatuliza, mara nyingi hazifikii uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya mwanga wa herufi za kawaida na wa usuli wake, ambao miongozo ya kimataifa ya tovuti inautaka, na mzazi mwenye macho hafifu hushindwa kusoma hata namba ya simu.

Nawaomba wanaoagiza kazi hizi wasituletee picha za familia zinazotabasamu. Watuletee barua, fomu na jumbe wanazowatumia wateja wao, tuanzie hapo.

Wako,
Msanifu wa michoro